Paa la Baba, Kisima cha Mama

Ukifika nyumbani kwetu utaona mlingoti umesimama katikati ya ukuta wa kusini, na juu yake kipande cha bati kikuukuu kimepigiliwa misumari. Baba atakukaribisha kiti, atasubiri ukae vizuri, kisha atakueleza kwamba huo mlingoti ni alama ya mahali ambapo maji ya nchi hii yanagawanyika. Mheshimu, ni mzee wangu, lakini usimwamini. Mlingoti ule una kazi nyingine kabisa, na mimi nilikuwepo siku kazi hiyo ilipoanza.

Kosa ni la kijana mmoja wa vipimo. Kwetu ni juu ya mgongo wa ardhi, ukitoka Tinde ukaacha lami na kupanda bodaboda mpaka kiuno kikaanza kulalamika. Si mlima. Mgeni anaweza kupita bila kujua kwamba amepanda kitu. Wapima ardhi walipokuja walisimamisha mashine yao ya miguu mitatu uani kwetu, kwa sababu hapo ndipo palipoinuka kuliko kwingine, na pia kwa sababu mama alikuwa anachemsha viazi. Yule kijana, kiazi mdomoni, akamwambia baba, "Mzee, nyumba yako imekaa mahali pa ajabu. Mvua ikinyesha hapa, maji ya upande ule wa kaskazini yanateremka mpaka Ziwa Victoria, yanaingia Mto Naili, yanafika Misri. Ya upande huu yanaingia Manonga, yanakwenda Wembere, yanaishia kwenye ziwa la chumvi kule Eyasi. Hayatoki tena."

Akachukua kiazi kingine, akafunga mashine yake, akaondoka. Hatujamwona tena. Nikimwona mimi nitamweleza vizuri.

Baba ni mkulima wa pamba mwenye ng'ombe wachache, mtu ambaye hata Mwanza haendi mpaka awe na sababu. Kabla ya siku ile alikuwa na mawazo ya kawaida kama baba wa wenzangu: mvua, wadudu wa pamba, dume lake moja jeupe lenye kiburi. Baada ya siku ile akawa na Misri. Mvua ikianza anatoa kigoda mlangoni, anakaa, anatangaza kama mtangazaji wa mpira. "Hayo yameshaondoka. Hayo ni ya Misri. Hilo tone, sijui, limeanguka katikati, tuone linaamuaje." Wajukuu wakiosha vyombo wanaamriwa wamwage maji ya sabuni upande wa kusini, kwa maelezo kwamba upande wa kaskazini kuna watu wanaoyanywa. Mara moja kanisani, katekista alipokuwa anaombea mvua, baba aliinua mkono katikati ya sala akataka ijulikane inaombwa ya upande gani.

Bomba la maji ya ziwani lilipofika Tinde, watu wote walishangilia. Baba alisema kwa utulivu, "Wanaturudishia." Bomba lenyewe halijapanda mpaka kwetu. Hapo ndipo mama anapoingia katika habari hii, maana mtu mwenye bomba uani asingehitaji kumbukumbu alizo nazo mama yangu.

Mtu wa mjini akisikia mto anafikiria maji. Mto wetu, ulio chini kusini mwa nyumba, ni mchanga. Masika unateremka kwa siku chache, mwekundu, una kelele na hasira, umebeba matawi, kandambili, mbuzi wa mtu mzembe, na mwaka mmoja mlango mzima na kitasa chake. Halafu unapita. Unabaki mchanga mweupe, mpana, ambao ng'ombe wanaukanyaga wakidhani ni barabara. Maji hayajaisha, yamelala chini. Masika yakikatika, kina mama wanashuka na majembe na kila mmoja anafungua kisima chake mchangani, anakizungushia miiba, na hicho ndicho kinachompeleka mpaka mvua nyingine.

Kisima hicho mtu hajitafutii. Kinatoka kwa mama mkwe kwenda kwa mkamwana. Na kwa kuwa mafuriko yanakifuta kila mwaka, na mchanga hautunzi alama ya mtu yeyote, kinatunzwa kwa macho. Mwaka wa kwanza wa ndoa, bibi yangu alimshika mama mkono, akamsimamisha mtoni, akamwambia atazame juu nyumbani. Ukuta wa kusini ulikuwa na ile pembe tatu chini ya paa, ncha yake ikitazama mto. Kati ya nyumba na mto kuna jabali kubwa, limekaa karibu na boma la ng'ombe. Ukitembea mchangani, ukafika mahali ambapo ncha ya paa inachungulia tu kutoka ubavuni mwa jabali, basi simama, mgongo uuelekeze ukingo wa ng'ambo, chimba. Chini yake kuna mwamba uliobonyea, umeshika maji. Ukikosea ukawa pembeni, utachimba mpaka Krismasi utapata mchanga mkavu na maumivu ya mgongo.

Tena kuna sharti, nalo kina mama wa kwetu hawalifanyii mzaha. Asiyefungua kisima chake mpaka mzani wa wanunuzi wa pamba unafika kijijini, mahali pake pako wazi. Mwanamke yeyote anaweza kutia jembe, na akipata maji ni yake, na baada yake ni ya mkamwana wake. Tena shimo lisilotoa maji lazima lifukiwe kabla ya jua kuzama, ng'ombe wasije wakavunjika miguu. Kwa hiyo kukosea ni kufanya kazi mara mbili.

Mimi mwaka wa mkasa huu nilikuwa Bugarama, ambako napika wali na maharage kwa wachimbaji wa dhahabu. Paa la nyumbani lilikuwa linavuja kila mahali, nikatuma mabati mapya nikijiona binti mwema. Mama hakuwepo, alikuwa Runzewe kwa dada yangu aliyejifungua. Baba akabaki peke yake na fundi na Misri.

Paa la zamani lilimwaga maji mashariki na magharibi. Jambo hilo lilikuwa likimnyima baba usingizi tangu kijana wa vipimo alipoondoka, maana maji yakishaanguka huko pembeni nani ajue yameelekea wapi? Sasa akaona nafasi. Akamwambia fundi aligeuze paa, mgongo wake ukae sawasawa juu ya mgongo wa ardhi, upande mmoja umwage kaskazini na mwingine kusini. Fundi aliniambia baadaye kwamba alijaribu kukataa. "Nikamuuliza, mzee, kwani linavuja zaidi likikaa hivi? Akaniambia suala si kuvuja, suala ni haki." Fundi akabomoa ile pembe tatu ya kusini, akajenga mpya mashariki na magharibi. Mama aliporudi na furushi lake alilitazama paa, akasema, "Limegeuka." Kisha akasema, "Mradi halivuji," akaingia jikoni.

Mvua zikaja, mto ukateremka, ukafuta visima vyote, ukaondoka.

Niliporudi kusalimia, mwezi Mei, nilimkuta mama amekonda uso na hataki kuzungumza. Alikuwa ameshachimba mara mbili akakosa, akafukia mara mbili. Maji alikuwa anaomba kwenye visima vya wenzake, ndoo moja hapa, ndoo moja pale, na mwanamke wa umri wake kuomba maji mtoni kwetu ni kama kuomba chumvi kila siku kwa jirani yuleyule. Mara ya kwanza unapewa kwa furaha. Mara ya pili unapewa na maswali. Mzani wa pamba ulikuwa umetangazwa kufika kesho yake.

Kila mtu alikuwa na maelezo. Wengine walisema malori ya mchanga yamehamisha mto. Wengine walisema kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu amemfanyia mama kitu. Baba alikuwa na maelezo ya kijiografia. "Maji ya upande huu hayana mwelekeo," alimwambia mama mbele yangu. "Yanakwenda kufa kwenye chumvi. Si maji ya kutegemea."

"Basi leo oga ya Misri," mama akajibu, na kweli siku ile hakumtengea maji ya kuoga.

Mimi nami nilileta ushauri, maana kuishi na wachimbaji kunakufanya ujione mtaalamu wa kila shimo. Nikamwambia nina mteja wangu anasema duara lisilo na dalili ya mwamba usilibembeleze, hama. Duara ni shimo la kuchimbia dhahabu. Mama alinitazama nikatamani kurudi Bugarama usiku uleule. "Mwambie huyo mteja wako," akasema, "kisima hakihami. Wanaohama ni watu wasio na wakwe."

Asubuhi tulishuka wote wawili na majembe. Alitembea mchangani polepole, macho juu, mpaka ncha ya paa ikachungulia ubavuni mwa jabali. "Hapa," akasema. "Si ni hapa? Niambie wewe mwenye macho mapya." Nikatazama. Ncha ilikuwa inachungulia kweli. Tukachimba. Mchanga ulikuwa mkavu, tena mkavu wa dharau, unaomiminika kurudi shimoni kadiri unavyoutoa.

Jua likiwa limepanda akaja mama wa ng'ambo. Huyu ni jirani yetu wa upande wa pili wa mto, ambaye kisima chake mwenyewe hakikuwa kibaya, ila kilikuwa na tabia ya kukauka Septemba. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa ukarimu mwingi mno.

"Poleni na kazi. Bado hamjapata tu?"

Hiyo "tu" aliivuta mpaka ikakaribia kufika Tinde.

"Bado," mama akasema.

"Mimi sina haraka, mayu. Nimekuja kuangalia tu."

Mayu ni mama kwa Kisukuma, neno la heshima, lakini mtu anayekuja kuangalia tu habebi jembe begani. Alitembea akaenda kukaa mchangani mbali kidogo, upande wa mashariki, akanyoosha miguu, akaweka jembe mapajani. Nilitaka kumwambia neno, na neno lenyewe nilikuwa nalo tayari, lakini mama akanikanyaga mguu.

Shimo lilipofika kiunoni bila dalili ya unyevu, mama akatoka, akakaa ukingoni, akaomba uji. Nikammiminia. Akanywa huku anatazama juu nyumbani. Nilimwona mama yangu akiwa mzee kwa mara ya kwanza, na iliniuma. Si kwa sababu ya maji, maji ningeweza kumnunulia hata yanayoletwa kwa punda. Ilikuwa kwa sababu alikuwa ameanza kuyatilia shaka macho yake. Alisema taratibu, bila kunitazama, "Labda bibi yako alinionyesha vizuri, ila mimi ndiye niliyesahau."

Kisha akaacha kunywa.

"Lile paa linang'aa nini?"

"Mabati mapya, mama. Niliyaleta mimi."

"Siulizi kama ni mapya. Nauliza kwa nini linang'aa huku."

Nikatazama tena. Upande mzima wa bati ulikuwa unatumulika machoni. Zamani, ukiwa mtoni, ulikuwa huoni bati, ulikuwa unaona ukuta na ncha. Na ile ncha tuliyokuwa tunaifuata tangu asubuhi ilikuwa pembeni kabisa mwa nyumba, upande wa mashariki, inachungulia jabali kwa bahati yake yenyewe. Mama akaweka kikombe chini. Akasema jambo moja kwa Kisukuma ambalo sitaliandika, akachukua jembe, akaanza kupanda.

Baba alikuwa kwenye kigoda chake, kaskazini mwa nyumba, anatafuna muwa. Alimwona mama anakuja na jembe, na nadhani alihisi, maana aliweka muwa chini.

"Baba watoto, ncha yangu iko wapi?"

"Ncha gani?"

"Ncha ya paa. Iliyokuwa inatazama mtoni."

"Ah, hiyo!" Uso wake ukafunguka, maana hakuna mtu nyumbani aliyewahi kumuuliza kuhusu kazi ile. "Niliigeuza. Ilikuwa inaharibu. Unaona, sasa maji yakianguka huku, yote ya Misri, na yakianguka huku..." Akanyoosha kidole kusini, kuelekea mtoni. Kidole kikabaki hewani. Baba alizaliwa katika nyumba ile. Yeye ndiye aliyekuwa akibebwa mgongoni na bibi kwenda kisimani. Nilimwona akikikumbuka kisima chote kwa mara moja, na Misri ikimtoka usoni.

"Mama yangu," akasema. Sijui kama alikuwa anamwita bibi au anashangaa tu.

Hakuomba radhi. Baba hajui njia ya kwenda huko. Aliinuka, akazunguka nyuma ya zizi anakotunza kila takataka, akarudi anaburuta ngazi, gogo jembamba la mkaratusi na bati moja la zamani lililopinda. Akaegemeza ngazi katikati ya ukuta wa kusini. "Nendeni chini," akasema. "Mimi nitakuwa ncha."

Mimi nilisimamishwa njiani, karibu na jabali, kupokeza maneno. Mama akashuka mtoni. Baba akapanda ngazi mpaka juu, akaegemea ukuta kwa tumbo, akainua lile gogo lenye bati kichwani kwake. Kwa mara ya kwanza tangu kijana wa vipimo aje, alikuwa upande wa chumvi.

"Juu!" mama akapiga kelele.

"Anasema juu!" nikapokeza.

"Nimesikia! Nusu ya wilaya imesikia!"

Upepo ukalikamata bati. Baba akayumba pamoja na ngazi, bati likapiga ukelele, kuku wakatawanyika. Nilicheka nikashika jabali nisianguke. Yule mzee, kanzu yake ya kanisani aliyoivaa bila sababu imejaa upepo, alikuwa akigombana na kipande cha bati mbele ya kijiji kizima, kwa maana watu walikuwa wameshaanza kutoka majumbani. Mmoja alimuuliza kwa mbali kama ndiyo anawasalimia Misri.

"Mikono inauma!" baba akalia.

"Mwambie na mimi kiuno kinaniuma!" mama akajibu. "Asishushe!"

Hakushusha. Hapo nikaacha kucheka. Mikono ilikuwa inatetemeka mpaka bati lilikuwa linatetemeka pamoja nayo, na alikuwa amefumba macho, lakini ncha ilibaki palepale. Nilimpenda baba yangu saa ile kuliko siku zote, na hasira zangu kwake zilikuwa bado hazijaisha.

Chini mtoni mama alikuwa anatembea kuelekea mashariki, hatua kwa hatua, macho juu. Akaliacha shimo letu kavu. Akaendelea. Akaendelea tena, mpaka akamfikia mama wa ng'ambo, akasimama mbele ya miguu yake iliyonyooshwa. Akatazama juu, akasogea kidogo, akatazama tena.

"Samahani, mayu," akasema kwa adabu zote. "Umekaa juu ya kisima changu."

Mama wa ng'ambo alitazama juu, akaliona bati. Naye alikuwa anakijua kisima kile. Alikuwa bado msichana mgeni pale kijijini bibi yangu alipokuwa akichota hapo. Angeweza kubisha. Mzani ulikuwa haujafika lakini jua lilikuwa linakwenda, na mama alikuwa na nguvu za shimo nusu. Akainuka, akajipangusa mchanga.

"Basi tuchimbe," akasema. "Jembe nimeshalibeba, nirudi nalo bure?"

Walichimba wote wawili, wakilaumiana jinsi ya kuchimba. Mimi nilirudi kufukia lile shimo la asubuhi, kazi ambayo hakuna aliyenishukuru. Mchanga wao ulibadilika rangi mapema sana, ukawa mweusi, kisha jembe la mama likatoa sauti ya tope, kisha likagonga mwamba. Mama alikaa ndani ya shimo, akaweka viganja kwenye maji machafu. Mama wa ng'ambo alianza vigelegele yeye mwenyewe, na sauti ilipofika juu, baba akaachia gogo, likaangukia banda la bata.

Maji ya kwanza yalikuwa tope, wakapewa ng'ombe. Mama alisubiri yatulie, akachota ndoo moja safi, akaipandisha nyumbani kichwani, akakataa nimsaidie. Baba alikuwa amekaa chini ukutani, mikono imelala mapajani haifanyi kazi. Alijaribu kupokea kikombe akashindwa kukunja vidole. Mama akapiga magoti, akamshikia kikombe mdomoni, akamnywesha taratibu kama mgonjwa.

"Wabeja," baba akasema. Asante. Akanywa tena, kisha akasogeza uso pembeni. "Bakiza kidogo. Nimwage kaskazini."

"Hao wa Misri," mama akasema, "wakitaka maji, waje wachimbe."

Baba akajipangusa kidevu kwa bega. Alikuwa amechoka. Akaegemeza kichwa ukutani, akafumba macho, na mimi nikaingia jikoni kuwasha moto. Dirisha la jikoni linatazama kaskazini. Kupitia dirisha hilo nilimwona mama anazunguka nyumba peke yake, kikombe mkononi. Akatazama huku na huku kama kuna mtu anamwona. Kisha akainama, akayamwaga yale maji yaliyobaki, taratibu, mpaka tone la mwisho.